Nguzo ya Malindi na mwalimu wa bahari: Tumkumbuke mwanachuoni kwa jiwe au kwa elimu yake?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake na watu watafute katika fadhila Zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, makala hii tunaiandika tukiwa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, kusini mashariki mwa mji wa Dodoma. Hii ni nchi ya mibuyu, mtama na makorongo, na kutoka hapa hadi pwani ni zaidi ya kilomita 300. Huenda msomaji akastaajabu kwamba kutoka mahali kama hapa tunataka kuzungumzia minara inayojengwa kwa ajili ya wataalamu wa bahari. Tunamwomba msomaji atuvumilie kidogo. Suala hili linaihusu Mvumi kama linavyoihusu Malindi au Bagamoyo, na linagusa jambo lililo ndani ya kila nyumba ya Muislamu, nalo ni namna tunavyowalea watoto wetu katika kuiheshimu elimu na wenye elimu.

Swali letu ni hili: Mtu anapoitumikia elimu kwa umri wake wote, akawaachia watu faida isiyokatika, ni ipi haki yake juu ya wale waliokuja baada yake? Je, ni kumsimamishia jiwe, au kuna haki nyingine iliyo kubwa zaidi ambayo tumeisahau?

Nguzo ya Malindi

Tuanze na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika mji wa Malindi, nchini Kenya, juu ya rasi inayoingia baharini, iko nguzo ya mawe ya matumbawe yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Inajulikana kwa jina la Vasco da Gama, nahodha Mreno aliyefika Malindi mwezi wa Aprili 1498, baada ya kutokubaliwa vizuri Mombasa. Sultani wa Malindi alimpokea kwa wema. Inaelezwa kwamba nguzo ya awali ilisimamishwa karibu na nyumba ya sultani, kisha ikaondolewa kwa sababu Waislamu wa mji hawakuridhika na msalaba ule, na baadaye ikasimamishwa tena. Leo wageni kutoka nchi nyingi huitembelea na kupiga picha mbele yake.

Lakini tujiulize, Vasco da Gama alipata nini Malindi? Alipata maji na chakula, na zaidi ya hayo alipata rubani. Merikebu zake ziliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na tarehe 20 Mei zikafika Calicut, katika pwani ya Bara Hindi. Siku 26 tu zilitosha kuivuka bahari kuu ambayo Wareno hao hawakuwa wamepata kuivuka. Bahari ile haikuwa ngeni kwa watu wa huku. Waarabu, Wahindi, Waajemi na Waswahili walikuwa wakiivuka kwa mamia ya miaka, wakizijua pepo zake, nyota zake na miezi ya kusafiri na ya kutosafiri. Mgeni aliyeongozwa njia ndiye aliyepewa nguzo, na aliyemwongoza hakusimamishiwa jiwe.

Vitabu vya Wareno wenyewe vinamtaja rubani yule. Mwanahistoria wao João de Barros anasema alikuwa Muislamu kutoka Gujarat, na anamwita Malemo Cana. Neno hilo la kwanza si geni kwetu. Ni neno la Kiarabu muallim, ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa mtu anayeijua njia ya chombo, na ndilo asili ya neno letu mwalimu. Kwa hiyo wazee wetu wa baharini hawakutofautisha kati ya anayewafundisha watoto darasani na anayekiongoza chombo usiku wa giza. Wote wawili waliwaita kwa jina moja, kwa kuwa wote wawili wamebeba amana ya watu wasioijua njia.

Ahmad ibn Majid na kitabu chake

Miongoni mwa walimu hao wa bahari, aliyefika daraja ya juu kabisa ni Shihabuddin Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar, katika sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu, na kuishi katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Shamu, nao waliandika waliyoyajua. Ibn Majid alirithi maandishi yao, akayapima kwa safari zake mwenyewe, akasahihisha yaliyohitaji kusahihishwa, kisha akaandika. Kazi zake nyingi zimo katika mfumo wa mashairi, ili mabaharia waweze kuzihifadhi vifuani.

Kitabu chake mashuhuri, kilichoandikwa takriban mwaka 1490, ni Kitabul Fawaid, na ndani ya jina lake kirefu yamo maneno ilmul bahr, yaani elimu ya bahari. Kina sehemu 12. Humo ameeleza habari za dira na pande zake 32, vituo 28 vya mwezi, namna ya kupima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa kipimo cha vidole, alama za kuikaribia nchi kavu, na majira ya pepo za msimu. Katika shairi lake jingine ameeleza njia za bahari za upande wetu hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Tunataka wazazi walizingatie jambo moja katika mwenendo wake. Kabla yake walikuwapo waandishi watatu wa elimu hii ambao mabaharia waliwaheshimu na kuwaita simba. Ibn Majid aliwataja kwa majina, akaikubali fadhila yao ya kutangulia, na akajihesabu kuwa wa nne wao. Pamoja na hayo alieleza wazi kwamba wao walikuwa wakusanyaji wa habari zaidi kuliko wasafiri, na kwamba mengi waliyoyaandika yalihitaji kupimwa kwa safari. Hii ndiyo adabu ya mwanachuoni. Humheshimu aliyemtangulia, lakini haachi kosa lipite kwa sababu ya heshima.

Tusimsifu wala tusimlaumu kwa uongo

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa sababu kuna kauli ambayo huenea sana katika mihadhara. Mara nyingi husemwa kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi. Baadhi ya wasemaji huitaja kauli hiyo kwa fahari, kuonyesha kwamba Ulaya isingefika popote bila ya Muislamu. Wengine huitaja kwa uchungu, wakimlaumu kwa kuwafungulia mlango wale waliokuja baadaye kuipiga mizinga Kilwa na Mombasa.

Asili ya kauli hii ni mwanahistoria wa Makka, Qutbuddin an-Nahrawali, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio lenyewe. Yeye ndiye aliyelitaja jina la Ibn Majid, na akaongeza kwamba rubani huyo alileweshwa ndipo akaionyesha njia. Wareno waliokaribia tukio hilo hawakumtaja Ibn Majid. Walisema rubani alitoka Gujarat, naye Ibn Majid si mtu wa Gujarat. Watafiti wengi wa zama zetu wameikataa kauli ya an-Nahrawali, na mnamo mwaka 2000 Sheikh Sultan bin Muhammad Al Qasimi, mtawala wa Sharjah ambaye pia ni mwanahistoria, alichapisha kitabu kidogo cha kumtakasa Ibn Majid na tuhuma hiyo.

Kwa nini tunalitaja jambo hili katika ukurasa wa Ijumaa? Ni kwa sababu dini yetu imetuamuru kuthibitisha habari kabla ya kuzieneza, na amri hiyo haina ubaguzi kati ya habari inayotupendeza na inayotuudhi. Kumsifu mtu kwa jambo asilolifanya si kumheshimu, na kumtuhumu ulevi mtu aliyekwisha kufa bila ushahidi ni jambo zito mbele ya Allah (S.W.). Ibn Majid hahitaji safari ya Vasco da Gama ili awe mkubwa. Kitabu chake kinamtosha, lau tungekisoma.

Mnara uliong'olewa Richmond

Sasa tuvuke bahari nyingine, tutazame wenzetu walivyomheshimu mtaalamu wao. Katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, nchini Marekani, mwaka 1929 ulizinduliwa mnara wa Matthew Fontaine Maury. Alionyeshwa ameketi, na juu yake pakawekwa tufe kubwa la dunia. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la majini aliyevunjika mguu katika ajali ya gari la farasi mwaka 1839, akashindwa kuendelea na kazi ya merikebuni. Mwaka 1842 alikabidhiwa ghala la ramani na vyombo vya bahari mjini Washington, na humo akakuta madaftari ya safari za merikebu ambayo hakuna aliyekuwa akiyajali.

Maury aliyafungua madaftari hayo moja baada ya jingine. Akakusanya yaliyoandikwa na manahodha kuhusu upepo, mkondo na joto la maji, akayapanga mwezi kwa mwezi na mahali kwa mahali, na akachora ramani za pepo na mikondo ambazo zilipunguza siku za safari kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1853, katika mkutano uliofanyika Brussels, mataifa kadhaa yalikubaliana kuandika habari za bahari kwa utaratibu mmoja. Mwaka 1855 alitoa kitabu chake cha jiografia ya bahari, ambacho kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya sayansi hiyo.

Hata hivyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, Maury alijiunga na majimbo ya Kusini, yaliyopigana ili utumwa wa watu weusi ubakie. Vita vilipokwisha alikwenda Mexico, akashughulikia mpango wa kuwahamishia huko watu wa upande ule ulioshindwa. Ndiyo maana mwaka 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd na maandamano yaliyofuata, mnara wake uling'olewa, tarehe 2 Julai, baada ya kusimama zaidi ya miaka 90.

Tunajifunza nini? Kwanza, elimu ya mtu haifuti dhulma yake. Wazee wetu waliopita Ugogo wakiwa wamefungwa minyororo, katika njia ya misafara iliyotoka bara kwenda Bagamoyo na kupita hapa hapa Mvumi, wanatosha kutufundisha kwamba utumwa si jambo la kutafutiwa udhuru, awe aliyeutenda ni Mzungu, Mwarabu au Mwafrika. Pili, dhulma ya mtu nayo haiufanyi ukweli alioufikia kuwa uongo. Pepo zilizomo katika ramani za Maury zilivuma vilevile kabla ya mnara, wakati wa mnara na baada ya mnara kuondolewa. Jiwe lilisimama kwa ajili ya mtu mzima, na wema na ubaya wake, ndipo likaanguka. Elimu haikuhitaji jiwe hilo, na haikuanguka nalo.

Fat-ha ya mabaharia

Baadhi ya wasomaji watauliza: Basi Waislamu walimkumbukaje Ibn Majid wao? Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyetoka Aden mwaka 1854 kuelekea pwani ya Somalia, aliandika kwamba mabaharia walikuwa wakimsomea Fat-ha Sheikh Majid kabla ya safari, wakimwita mgunduzi wa dira. Ni jambo la kugusa moyo. Zaidi ya miaka 300 baada ya kufa kwake, watu wasiojua kusoma walikuwa wakimkumbuka kwa jina na kumwombea, bila sanamu wala nguzo.

Lakini ndani ya habari hiyo kuna msiba pia. Ibn Majid hakugundua dira, kwani ilikuwako kabla yake. Mabaharia wale walilihifadhi jina, lakini kitabu chake kilikuwa kimeponyoka mikononi mwao. Waturuki walikwisha kukitumia, kwani Seydi Ali Reis, jemadari wa majini wa dola ya Kiosmania, mwaka 1554 aliandika kitabu cha bahari akichukua mengi kutoka kwa Ibn Majid na kwa Sulayman al-Mahri aliyemfuata. Baadaye nakala za mkono zilihifadhiwa Ulaya. Mfaransa Gabriel Ferrand alizichapisha zile za Paris mnamo miaka ya 1920, na Mrusi Theodor Shumovsky alichapisha mashairi matatu yaliyokuwa Leningrad mwaka 1957. Tunawashukuru kwa kuvitunza. Hata hivyo ni haki kujiuliza kwa nini wajukuu wa mabaharia wale walihitaji kwenda Paris na Leningrad ili wayasome maneno ya sheikh wao.

Katika Suratu Nuh, aya ya 23, yametajwa majina ya masanamu matano yaliyoabudiwa na kaumu ya Nabii Nuhu (A.S.). Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) maelezo ya asili yake. Hao walikuwa watu wema. Walipokufa, watu walishawishiwa kuwasimamishia masanamu katika mabaraza yao kwa ajili ya kuwakumbuka. Mwanzoni hayakuabudiwa. Yaliabudiwa baada ya kufa wale waliojua na elimu kuondoka. Ndiyo maana wanazuoni wetu wengi wamekataza masanamu ya viumbe wenye roho, na hatuoni sababu ya kuiacha kauli yao. Kuandika jina la mwanachuoni katika shule, maktaba au chombo ni mlango mwingine, nao una wasaa. Ila tukiizingatia habari ile ya Ibn Abbas tutaona kwamba balaa liliingia pale elimu ilipotoweka. Umma unaoweza kulitaja jina la mwanachuoni jukwaani ilhali hakuna hata mtoto wake mmoja anayejua mwanachuoni huyo alifundisha nini, hauko salama kwa sababu tu hauna sanamu.

Bahari na mvua ya Mvumi

Sasa turudi Mvumi. Mkulima wa hapa ana msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Sehemu hizi za Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, na huja kwa vishindo, siku chache chache, zikichimba makorongo katika ardhi iliyo wazi. Mvua hizo huja katika majira yale yale ambayo kule pwani huvuma kaskazi. Kusi inapovuma, kati ya Juni na Septemba, huku juu ni ukavu na vumbi. Yaani upepo aliouhesabu Ibn Majid ili ajue siku ya kutweka tanga unatokana na mabadiliko yale yale ya majira yanayomwambia Mgogo siku ya kupanda mtama. Katika Suratur Rum, aya ya 48, Allah (S.W.) anatutanabahisha kwamba Yeye ndiye azipelekaye pepo zikayatimua mawingu, kisha mvua ikatoka humo ikawafikia awatakao.

Elimu ya bahari ya leo imeongeza ufafanuzi juu ya hayo. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa Japani, Saji na Yamagata wakiwa miongoni mwao, walieleza kwamba Bahari ya Hindi ina tabia ya kupata joto upande mmoja na kupoa upande wa pili. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra yakapoa, Afrika Mashariki hupata mvua nyingi mno, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Mambo yakigeuka, mvua zetu hupungua. Wazee wa Ugogo bado wanazikumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998, na hadi leo linatajwa jina la Mtunya, ile njaa kubwa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, pale ukame ulipokutana na majeshi yaliyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mtunya haina mnara wa jiwe. Mnara wake ni jina lililohifadhiwa vinywani mwa mabibi na mababu, ili watoto wajue kilichotokea.

Ni dhahiri basi kwamba utabiri wa msimu unaosomwa redioni na Mamlaka ya Hali ya Hewa unahitaji pia vipimo vya bahari. Mtaalamu anayepima joto la maji ya bahari anamhudumia mama wa Mvumi ambaye hajapata kuiona bahari, anayejiuliza kama apande mtama au ahatarishe mbegu ya mahindi.

Asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya watoto wa pwani tu, au ya wanaume tu. Mmarekani Marie Tharp, katika zama ambazo wanawake walizuiliwa kupanda merikebu za utafiti, aliketi mezani New York, akapokea vipimo vilivyoletwa na wenziwe, akavichora. Mwaka 1952 akaona kwamba katikati ya Bahari ya Atlantiki kuna bonde refu mithili ya Bonde la Ufa, hili ambalo mkono wake mmoja unapita Bahi, jirani zetu wa magharibi. Mwanzoni mwenzake aliidharau kauli yake, lakini vipimo vilimpa haki. Mwanamke aliyekatazwa kwenda baharini aliichora sakafu ya bahari. Mzazi anayemwachisha binti yake masomo hapa Mvumi kwa hoja kwamba elimu hiyo haimhusu, aitafakari habari hii kabla hajaamua.

Pendekezo letu

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Imam Muslim, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Tukiyatazama vizuri, tutaona kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalotimizwa na jiwe lisilotoa faida. Yote matatu hutimizwa na watu walio hai, wanaotenda jambo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Kila madrasa ya Mvumi na vijiji vyake iweke kipima mvua uani. Atakayeweza kununua na anunue. Asiyeweza, kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kuanzia, mradi liwekwe mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto mmoja, wa kiume au wa kike, apime kina cha maji kwa milimita, ayamwage, aandike katika daftari tarehe na kipimo, hata siku ambayo hakuna tone, ambapo ataandika sifuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Mtoto akilijua hilo, atahesabu mwenyewe kwamba paa la msikiti la mita za mraba 50, mvua ikinyesha milimita 20, limepokea lita 1,000 ambazo zingeweza kuingia tangini badala ya kuongeza korongo.

Juu ya daftari hilo paandikwe jina la Ahmad ibn Majid. Hiyo ndiyo nguzo tunayomwombea hapa Mvumi. Tunajua wapo watakaosema kwamba madrasa ni mahali pa Qur'ani na si pa makopo ya mvua. Tunawajibu kwa heshima kwamba Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratul An'am, aya ya 97, inatukumbusha kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na la bahari, na kwamba ishara hizo zimefafanuliwa kwa watu wanaojua. Mtoto aliyehifadhi aya hiyo na akajifunza pia kupima na kuandika kwa uaminifu, hajatoka nje ya darasa lake. Kuandika sifuri siku ya sifuri, bila kuongeza wala kupunguza, ni mafunzo ya ukweli ambayo hotuba peke yake haiwezi kuyatoa.

Pendekezo letu la pili linawahusu wenye uwezo. Waislamu wa Dodoma wana desturi njema ya kuchangia ujenzi wa misikiti, na Allah (S.W.) awalipe. Tunawaomba watenge pia fungu la wakfu la kumsomesha kijana mmoja wa vijiji hivi katika elimu ya hali ya hewa au ya bahari. Nchini mwetu milango iko. Hapa Dodoma chuo kikuu kipo tangu 2007, na Zanzibar ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli, ada, na mzazi wa kumwambia mwanawe kwamba jambo hili ni la heshima.

Nguzo ya Malindi na ibakie ilipo, kwani ni sehemu ya historia, na watoto wetu wakiiona waelezwe ukweli wote, wa mgeni aliyeongozwa na wa mwalimu aliyeongoza. Sisi wa Mvumi hatuna rasi wala matumbawe ya kujengea. Tuna watoto na madaftari, na msimu wa mvua huja kila mwaka kwa idhini ya Mola wetu. Tuwape watoto kalamu kabla kaskazi haijaanza.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu walimu wetu wa bara na wa bahari, atunufaishe kwa walichotuachia, aijaalie mvua yetu kuwa ya rehema na si ya adhabu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.